Zizi Zima Kiganjani

Mbukwenyi, akina mama. Na ninyi ambao si Wagogo, habari za mchana. Mwenyekiti, asante kwa kunipa nafasi. Naomba niseme nimesimama, kwa sababu nikikaa sitafika mwisho. Na nikisita njiani mnivumilie. Sijawahi kuyasema yote kwa mfululizo, hata mbele ya mume wangu ambaye tuliyapitia pamoja.

Sikupanga kusema leo. Ila wiki hii mmoja wetu, simtaji, na wala hajafanya kosa, ametuma picha kwenye kundi letu la simu. Mmeiona wote. Sarafu ya dhahabu ya Waingereza, ya zamani, imelazwa juu ya kitambaa chekundu, upande mmoja ina kichwa cha malkia. Ameuliza kama hatuwezi kutoa sehemu ya akiba ya kikundi tukanunua sarafu za namna hiyo, zikakaa, zikapanda bei. Wengi mkaweka dole gumba. Mimi niliweka simu chini nikaenda kukaa uani peke yangu. Malkia yule namjua, ndugu zangu. Ameishi nyumbani kwangu, hapa hapa Makole, ndani ya kopo la chumvi, na kidogo mguu wa mume wangu upotee kwa ajili yake.

Lakini lazima nianze na ng'ombe. Bila ng'ombe hamtanielewa.

Kwao mume wangu ni huko mbele ya Mvumi. Baba yake alipofariki alimwachia ng'ombe, si wengi wa kutisha, ila wa kumfanya mtu asalimiwe vizuri. Sisi tulikuwa tumeshahamia mjini, tunanunua na kuuza mahindi Kibaigwa. Ng'ombe wakabaki kijijini kwa jamaa. Wagogo wenzangu mnajua, wengine niwaeleze. Sisi hatuweki ng'ombe wote kwenye zizi moja. Unawagawa: huyu unamkabidhi wawili, yule watatu. Ugonjwa ukiingia zizi moja, mazizi mengine yanapona. Mvua ikikosa huku, huenda kule imenyesha. Anayekutunzia anakunywa maziwa, anapata samadi ya shamba, na wakizaa vizuri unamwachia ndama awe wake. Hakuna kuandikiana. Mnajuana tu. Mkikutana msibani mnaulizana habari za ng'ombe, mmoja mmoja kwa jina lake, kabla hamjaulizana habari za watoto.

Wengi wa ng'ombe wetu walikuwa kwa wifi yangu, dada wa mume wangu. Huyu ndiye mtu wa ushuhuda wangu, mumkumbuke. Ni mwembamba, mrefu, sauti yake inafika ng'ambo ya korongo. Na ana utani. Akikutania unacheka, ukishafika kwako ndiyo unaona pale alipokuchoma.

Basi ukaja ule ukame. Siusimulii wote, wengi wenu mlikuwepo. Lambo lilibaki tope, kisha tope likapasuka kama vigae. Ng'ombe walikuwa wanaanguka njiani, wanakwenda kunywa mahali ambapo hapana maji, kwa sababu miguu yao ilikuwa imeizoea njia. Mume wangu alikwenda kuwaona akarudi jioni. Alikaa kwenye kiti, hakuvua viatu, vumbi limemjaa hadi kwenye kope. Nikamwekea maji ya kunawa. Akayatazama yale maji kwenye beseni muda mrefu, kisha akasema, "Mama watoto, mimi nimechoka kuwa na mali inayokunywa maji."

Nawaambia, maneno yale yaliniingia. Na mimi nilikuwa nimechoka.

Mvua zikarudi, na waliobaki hai wakanenepa, bei ikapanda. Wakati huo huo akaja kijana mmoja. Tulimfahamu kupitia watu wa mahindi. Mtaratibu, shati limenyooshwa, shikamoo haimpungui mdomoni. Alikuja na kiboksi kidogo, akakifungua mezani kwangu kama mtu anayefunua chakula. Sarafu za dhahabu za Waingereza, kila moja ndani ya kikasha cha plastiki angavu, na cheti chake. Mbele malkia, nyuma mtu yuko juu ya farasi anachoma joka. Akasema, "Shangazi, hii haili, hainywi, haiugui." Nikamtazama mume wangu, mume wangu akanitazama. Ni kama yule kijana alikuwa nyuma ya mlango siku ile ya beseni.

Akatueleza kwamba dhahabu ya kawaida unalipia uzito tu, lakini hizi unalipia na umri. Malkia huyu alishakufa zamani, alisema, hawawezi kumrudisha wakachonga nyingine. Zilizopo ndizo hizo, na kila mwaka zinapungua, kwa hiyo kila mwaka zinapanda. Ndiyo maana bei yake ilikuwa juu sana kuliko ya dhahabu iliyomo ndani yake. Tukaelewa. Tulielewa kila kitu isipokuwa jambo moja ambalo hatukuuliza: hapa kwetu, ni nani anayenunua umri?

Niseme haki ya kijana wa watu. Hakutuuzia bandia. Ilikuwa dhahabu kweli, na zilikuwa za zamani kweli. Msije mkadhani natoa ushuhuda wa kutapeliwa. Ningetapeliwa ningelia mara moja nikamaliza.

Tukaamua kuuza ng'ombe wote. Nikatoa na hisa zangu humu kikundini, wa siku nyingi mnakumbuka, nikasema akiba yenu inakwenda polepole. Tukazunguka kwa jamaa na lori, tunakusanya. Hawakukataa, ng'ombe ni wetu. Walitusaidia hata kuwapandisha.

Kwa wifi tulifika asubuhi, ametoka kukamua. Kwa desturi mtunzaji anaachiwa ndama, na tulikuwa naye mmoja, jike, mwembamba, mgongo umechongoka, mama yake alikufa kwenye ukame. Mume wangu alitaka kumpakia hata yule. Mimi nikasema aachwe. Wifi akanishukuru mbele ya watu. Ukweli wenyewe ni kwamba niliona hatapata bei, na huenda akafia njiani akatuchafulia lori.

Wifi alisimama na kata yake ya kukamulia mkononi. Akaangalia lori, akaniangalia mimi. "Wifi, na maziwa ya watoto nayo mmepakia? Chungulieni vizuri, yasije yakabaki."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Nilicheka, ndugu zangu, nikapanda mbele kwa dereva, tukaondoka.

Siku tuliyopokea sarafu, mume wangu alinimiminia mkononi. Zilitosha kiganja kimoja. Nikafunga vidole. Zizi lote la baba mkwe wangu, vumbi lake la jioni, mlio wake, harufu yake, lilikuwa ndani ya ngumi yangu, na ngumi ilifungika. Siwezi kuwadanganya, nilijisikia mwepesi. Nikaona tumekuwa watu wa mjini sasa. Tukazificha kwenye kopo la chumvi, tukamwaga chumvi juu.

Jumapili baada ya ibada tulikuwa tunazitoa kuziangalia. Kijana alituonya tusizisugue wala tusizishike kwa vidole, zitapungua thamani. Kwa hiyo tulikuwa tunaziweka mezani na kukaa mbele yake, mimi upande huu, yeye upande ule, mikono mapajani. Ng'ombe unampapasa shingo, unamwita, anageuka. Zile tulizitazama tu. Na malkia alikuwa ametazama pembeni. Hata ukae vipi, hakutazami.

Kitu cha kwanza kuniuma kilitokea msibani. Tulikwenda kijijini, tukakaa na watu, wakaulizana habari za ng'ombe, huyu kazaa, yule kaumwa kwato. Zamu ikafika kwetu, ikaturuka. Si kwa ubaya. Hatukuwa na cha kuulizwa. Mume wangu alikaa pale kama mtu aliyepita njia akakaribishwa chai.

Sasa nafika kwenye anguko lenyewe.

Ilikuwa Kibaigwa, mchana, soko limechangamka, malori yamepangana. Mume wangu alikuwa amesimama chini anaangalia wapakizi. Magunia yakateleza kutoka juu. Watu wakapiga kelele, akageuka, kugeuka huko kukamwokoa kichwa, lakini paja halikuokoka. Nilipigiwa simu niko sokoni nanunua mboga. Nilipomkuta alikuwa wa rangi ya majivu, ameshika mkono wa mpakizi asiyemjua, hataki kuuachia.

Hospitali wakamlaza, mguu ukafungwa na kuvutwa kwa uzito. Daktari akanieleza kwa upole. Mfupa umevunjika vibaya. Unatakiwa upasuaji, awekewe chuma ndani, na chuma hicho kina gharama yake na upasuaji una gharama yake. Bila hivyo mfupa utajishika wenyewe, lakini hawezi kuahidi utajishika umenyooka. Akasema, mama, usichelewe.

Nikasema sitachelewa. Nilisema nikiwa na uhakika, kwa sababu nilikuwa na kopo la chumvi. Mtaji wa mahindi ulishaanza kuisha kwa matibabu ya mwanzo na chakula cha watoto, lakini mimi sikutetemeka. Nikajiambia, kumbe ndiyo maana tulinunua.

Nikampigia yule kijana. Alipokea, hakunikimbia. Akasema, "Shangazi, pole sana. Soko lipo, ila si la haraka. Mnunuzi wa historia yuko ng'ambo." Nikamwambia mguu hauwezi kusubiri ng'ambo. Akasema pole tena. Nikamwomba azinunue yeye mwenyewe, hata kwa kupunguza. Akasema yeye huuza tu, hanunui. Kila nilichosema alinipa pole, hadi pole zikanitosha.

Nikafunga sarafu kwenye leso, nikaanza kuzunguka mjini.

Duka la kwanza, mwenye duka hakunyoosha hata mikono. Aliona sarafu ya zamani, akaona mama amechoka na leso yake, akasema kwa sauti ya kusikika na wateja wake, "Mama, rupia za Mjerumani hapa hatununui."

Mnacheka. Chekeni, hata mimi leo nacheka. Mnawajua wale wanaozunguka wakinong'ona kwamba wamefukua rupia za Mjerumani chini ya mlima, wanatafuta mtu wa kuwapa pesa kidogo ili mali itoke. Hakuna mtu mzima wa nchi hii ambaye hajawahi kusimuliwa. Basi ndiyo nimekuwa mimi. Nilieleza kwamba si za Mjerumani, ni za Mwingereza, na nina vyeti. Ndiyo nikaharibu kabisa, maana na wale nao wana vyeti. Nilipotoka, mzee mmoja akanifuata hadi kwenye kona, akaniuliza taratibu nimechimba wapi na kama ramani ninayo.

Ila sonara mmoja alizipima. Akafungua vikasha, akazipima kwa mizani na kwa maji yake ya kupimia dhahabu, akatikisa kichwa kwa heshima. Dhahabu safi, alisema. Ananunua. Akanitajia bei. Ilikuwa karibu nusu ya pesa tulizotoa. Nikamwambia, baba, hujahesabu umri wake. Akanijibu bila dharau, "Mama, mimi nayeyusha. Nikishayeyusha, malkia anakwenda wapi?"

Ndugu zangu, pale ndipo nilipoanguka. Si pale magunia yalipoteleza. Bei ile ingetosha hospitali. Nilikuwa na dawa ya mume wangu mkononi, nikaifunga kwenye leso nikatoka nayo. Kwa sababu nusu iliyokosekana ilikuwa ng'ombe. Niliwaona nusu yao wamesimama pale dukani, kila mmoja na jina lake, na nikiuza ndiyo nimekubali kwamba tuliwapeleka bure. Sikuweza. Nikasema kesho nitapata wa kununua kwa haki. Kesho ikaja na nyingine. Nikawa nazunguka mjini na malkia kwenye leso, na mume wangu amelala, anaangalia dari, haniulizi. Angeniuliza ningepona mapema. Nesi mmoja alikuwa akinipita ananigusa bega tu.

Daktari akaniita tena. Akasema mfupa umeanza kushika, na umeshika vibaya.

Siku hiyo nilitaka kwenda kwa wifi, nikashindwa. Nitamwambia nini? Kaka yake huyo. Nilifika hadi kituo cha magari ya Mvumi, nikasimama, nikageuka.

Alikuja mwenyewe. Niliisikia sauti yake wodini kabla sijamwona, anawasalimia wagonjwa wote mmoja mmoja kama anapita nyumba kwa nyumba. Alibeba kapu: ugali wa uwele umefungwa kwenye kitambaa, na mlenda. Akamlisha kaka yake kwa mkono wake, akimtania kwamba hata utotoni alikuwa anapenda kulala wenzake wakichunga. Mume wangu akacheka, mara ya kwanza tangu aumie, akashika kitanda kwa maumivu. Alipomaliza akanivuta tukakaa nje kwenye benchi.

Nikamfungulia leso. Sikuwahi kumwonyesha. Akaichukua sarafu moja, akaitoa kwenye plastiki yake, akaishika kwa vidole vyake vyenye mafuta ya mlenda, akaigeuza.

"Huyu mama ni nani?"

Nikamwambia ni malkia wa Waingereza, wa zamani.

"Anakamulika?"

Nikaanza kuzihesabu zile zilizobaki kwenye leso.

"Kaka yangu anamjua? Basi mwambieni aingie wodini, aseme na daktari." Kisha akaniangalia, akaona uso wangu, akaacha utani. Nilidhani sasa atanitukana, na nilitamani anitukane. Akasema, tena kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Wifi, yule ndama mliyetuachia. Alikua. Mume wangu amempeleka mnadani jana."

Akafungua pindo la khanga yake, akaniwekea pesa kwenye mapaja, juu ya sarafu.

Yule mwembamba. Yule niliyemwacha kwa sababu asingepata bei. Wifi alimlea kwa maji ya pumba na uji, akimnyima mtoto wake mwenyewe akimpa yeye, hadi akasimama, akawa mtamba, na alikuwa na mimba, ndama wa kwanza wa zizi lao wenyewe. Na jamaa wengine wale tuliowazungukia na lori walikuwa wametuma wanachoweza, huyu mbuzi, yule kuku wa kuuza. Zizi la baba mkwe wangu halikuwa kwenye kopo. Lilikuwa bado kule, na sisi ndio tuliokuwa tumetoka.

Nililia pale kwenye benchi hadi wagonjwa wakachungulia. Wifi akasema, "Lia, ila usizimwagie sarafu machozi, si hazinywi maji?"

Nikaondoka hospitali moja kwa moja hadi kwa sonara. Sikubishana. Nikauza zote isipokuwa moja, kwa sababu wifi aliniambia nibaki na moja ili sura yake nisiisahau.

Wakamfanyia upasuaji. Ilibidi wauvunje upya mfupa ule uliokuwa umeshika vibaya, kisha chuma kikaingia. Mume wangu anatembea. Mnamwona anavyotembea. Ule mguu ni mfupi kidogo kuliko mwenzake, na siku za baridi anaupapasa, na mimi kila ninaposikia hatua zake uani, ule mguu unaogusa chini kwa kuchelewa, najua ni zile siku zangu za kuzunguka mjini. Hajawahi kunisema. Hilo halijaisha, na sitawadanganya kwamba limeisha.

Pesa iliyobaki nilimpelekea wifi. Akaikataa, akasema pesa italiwa, niende nikanunue mtamba. Nikanunua, nikampeleka kwake, na nikamwambia huyu si malipo na wala si wangu peke yangu, namkabidhi. Wifi akamzunguka yule mtamba mara kadhaa, akamshika mgongo, akamtazama meno. Akauliza jina lake. Nikasema bado hana. Akasema, "Basi anaitwa Malkia. Huyu angalau ana matiti."

Nawashukuru. Namshukuru wifi yangu, ambaye hayupo hapa na angekuwepo angeniambia nimesema sana. Namshukuru shemeji, mume wake, aliyeswaga ng'ombe wake pekee hadi mnadani bila kuulizwa. Nawashukuru wale wauguzi. Nawashukuru ninyi, mlionirudisha kikundini na kunikopesha mtaji wa alizeti bila kunikumbusha maneno niliyosema siku ya kutoka, ingawa najua mnayakumbuka yote.

Kwa aliyetuma picha: dada, sisemi dhahabu ni mbaya. Dhahabu ni dhahabu, na huenda aliye na ziada, asiye na haraka, na anayemjua mnunuzi wake, ikamfaa. Mimi nauliza tu yale ambayo sikuuliza. Siku nikianguka, nani atainunua, na ni hapa au ng'ambo? Bei itakuwa ya nani? Na ili niipate, nimeondoa nini, na kutoka mikononi mwa nani? Kama akiba ya kikundi hiki itatoka hapa tunapoulizana hali kila Jumamosi iende kukaa kimya kwenye kopo, mimi mkono wangu siunyooshi. Mtaamua ninyi.

Nimekuja na vitu viwili. Hiki kwenye leso ni ile sarafu moja. Ipitisheni, muishike kwa vidole, mimi sijali, mumwone malkia na joka lake, kisha mnirudishie.

Na kibuyu hiki kimetoka Mvumi asubuhi ya leo. Ni maziwa ya mgando. Malkia amezaa. Leteni vikombe, akina mama. Haya hamtanirudishia.